Kuajiriwa, meza ya mtaani, bajaji au kazi za mtandaoni: ipi itakufaa ukiwa na ulemavu wa viungo?

Mtu mwenye miguu iliyopooza, magoti yaliyokakamaa kwa baridi yabisi au mguu uliokatwa hakosi washauri. Shangazi anasema tafuta ofisini, ukae kwenye kiti. Jirani anasema fungua uwakala, kazi yenyewe si ya kusimama. Vijana wa kijiweni wanakuonyesha bajaji. Mpwa wako anaapa kwamba siku hizi hela iko kwenye laptopu. Wote wana nia njema, na kila mmoja anamjua mtu aliyetoka kimaisha kwa njia anayoisifia. Wasichokuuliza ni mwili wako unakuwaje asubuhi ya mvua, baada ya usiku ambao hukulala kwa maumivu.

Hapa nazipima njia hizo nne kwa vipimo vilevile. Naandika zaidi kwa anayeishi Tanzania. Kenya nitaigusa pale sheria au utaratibu wao ulivyo tofauti. Namlenga mtu mwenye ulemavu wa viungo wa kudumu: polio ya utotoni, ajali iliyogusa uti wa mgongo, mguu bandia, viungo vinavyovimba na kutulia kwa zamu. Nachukulia kwamba mikono inafanya kazi, hata kama inachoka mapema.

Vipimo vyenyewe

Mwili: kazi inataka nini kutoka kwako kwa saa nane? Wengi hudhani kazi ya kukaa ni nyepesi. Mwenye jeraha la uti wa mgongo anajua kwamba kukaa nako ni kazi. Asipojinyanyua kwenye kiti kila baada ya nusu saa hivi, vidonda vya mgandamizo vinaanza, na kidonda kimoja kinaweza kumlaza miezi.

Njia na choo: unafikaje, na ukifika unajisaidia wapi? Nimeviweka pamoja kwa sababu ndivyo vinavyowatoa watu kazini kimyakimya. Hakuna anayeandika kwenye barua ya kuacha kazi kwamba tatizo lilikuwa choo cha kuchuchumaa chenye ngazi mbili.

Mtaji: fedha, vyeti au vifaa vya kuanzia.

Hela inavyoingia: kila siku, kila mwezi, au kwa kubahatisha.

Siku mbaya: usipoamka, nini kinatokea kwa kazi na kwa kipato? Hiki ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Siku nzuri karibu kila kazi inawezekana.

Kabla ya kuendelea, shika daftari. Kwa mwezi mmoja andika kila jioni: maumivu yalianza saa ngapi, ulikaa muda gani kabla ya kulazimika kujinyoosha, siku zipi hukutoka kabisa. Ukishajua kwamba kwa mwezi mwili unakugomea siku mbili au siku tisa, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

1. Kuajiriwa

*Mwili.* Ajira ya mezani inaweza kukufaa sana, au ikakumaliza, kutegemea bosi anakubali kurekebisha nini. Mambo ya kuomba ni madogo kuliko watu wanavyofikiri: chumba cha ghorofa ya chini, kiti chenye mto mzuri, ruhusa ya kuingia saa tatu badala ya saa moja na nusu. Sheria iko upande wako. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Asilimia 3 hiyo, tuseme ukweli, inasikika zaidi kwenye semina kuliko kwenye orodha za mishahara. Hata hivyo itaje. Ofisa rasilimali watu aliyeisahau atakumbuka.

*Njia na choo.* Hapa ndipo penye kazi. Daladala ya saa kumi na mbili asubuhi haimsubiri mtu wa magongo, na konda akiona kiti mwendo anapiga bodi gari liondoke. Kwa Dar es Salaam, anayeishi kando ya njia ya mwendokasi ana nafuu. Tangu 2016 vituo vyake vina miteremko badala ya ngazi tupu, na sakafu ya basi inakaribiana na jukwaa. Msongamano wa asubuhi haumjali mtu, lakini angalau unaingia bila kubebwa. Hivyo kazi yenye mshahara mdogo karibu na kituo inaweza kukubakizia hela nyingi kuliko yenye mshahara mkubwa inayokulazimu kupanda bajaji ya kukodi kwenda na kurudi kila siku. Piga hesabu ya nauli ya mwezi kabla ya kusaini.

Na siku ya usaili omba kwenda msalani, hata kama huna haja. Angalia kizingiti, angalia kama mlango unafunguka kwa ndani na kula nafasi yote, angalia kama kuna kitu cha kushika. Ukitumia kiti mwendo, jua upana wake kwa sentimita na uwe na futi kamba mfukoni. Dakika hizo mbili zitakwambia mengi kuliko maelezo ya bosi.

*Mtaji.* Vyeti na subira. Kwa utumishi wa umma, maombi yanapitia Ajira Portal, matangazo mengi yanataka mwombaji asizidi miaka 45, na yanawahimiza wenye ulemavu waombe na waainishe ulemavu wao kwenye mfumo.

Je, useme mapema? Serikalini sema, kwa kuwa mfumo wenyewe unauliza. Kwa kampuni binafsi, maoni yangu ni kusubiri uitwe kwenye usaili, kisha upige simu kuuliza: "Mko ghorofa ya ngapi, na kuna lifti?" Wanajua bila wewe kujieleza, na wewe unajua kama utahitaji kupandishwa ngazi nne mgongoni kwa mlinzi.

*Hela inavyoingia.* Mwisho wa mwezi, pamoja na michango ya NSSF na mara nyingi bima ya afya. Kwa mtu anayenunua dawa, mipira ya mkojo au anayetengeneza mguu bandia kila baada ya muda, bima ni sehemu ya mshahara. Kenya kuna nyongeza: mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu na kupewa cheti cha msamaha wa kodi halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mwezi.

*Siku mbaya.* Kwa Tanzania hii ndiyo nguvu kubwa ya ajira rasmi. Sheria inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari. Kenya kiwango cha chini ni kidogo zaidi: siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu katika mwaka, baada ya miezi miwili kazini. Angalia basi kama unapewa mkataba wa kweli. Kibarua anayelipwa kwa siku haoni chochote katika haya.

Inamfaa mwenye cheti, anayehitaji matibabu ya mara kwa mara, na ambaye njia yake ya kwenda kazini inapitika. Haimfai sana ambaye mwili wake hauna saa maalumu za kukubali kazi.

2. Meza yako mtaani: uwakala, ufundi simu, cherehani

*Mwili.* Tatu hizi zinafanana kwa mbali tu. Wakala wa fedha za simu anakaa siku nzima, anainuka kidogo na kuzungumza sana. Fundi simu anainama. Shingo na macho ndivyo vinavyolia. Cherehani ndiyo inayowadanganya watu. Ile ya kawaida ya kukanyaga inataka miguu yote miwili. Ya kuzungusha kwa mkono inakuachia mkono wa kushoto peke yake wa kuongoza kitambaa, ukifika kwenye kola unaona tabu yake. Anayepata mota ndogo ya umeme ana njia: kikanyagio chake kinaweza kuwekwa juu ya meza na kubanwa kwa kiwiko, mikono yote ikabaki kwenye nguo. Ufundi wenyewe unafundishwa VETA, na Dar es Salaam kuna chuo cha ufundi stadi cha watu wenye ulemavu kule Yombo.

*Njia na choo.* Meza inaweza kuwa barazani kwako, na hapo umemaliza shida mbili kwa pamoja. Ikiwa mbali na nyumbani, tafuta kwanza choo cha jirani ndipo uangalie wateja.

*Mtaji.* Uwakala ndio unaokula zaidi, kwa kuwa unahitaji floti kwenye simu na fedha taslimu kwenye droo, vyote kwa pamoja. Floti ikiisha saa nne asubuhi, mteja anavuka barabara na hakumbuki kurudi. Cherehani na vifaa vya ufundi simu vinanunuliwa mara moja.

Kwa mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023 ikarudi 2024. Anza kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako, umuulize masharti ya sasa ya kikundi na ya mtu mmoja. Mwanamke mwenye ulemavu au kijana mwenye ulemavu aulize pia hayo mafungu mengine mawili, asisukumwe kwenye lile dogo. Kenya, baraza lao la watu wenye ulemavu lina mfuko unaotoa vitendea kazi, na asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengwa kwa vijana, wanawake na wenye ulemavu.

*Hela inavyoingia.* Kila siku, kidogokidogo. Wakala anaishi kwa kamisheni, kwa hiyo eneo ndilo kila kitu. Na kuna wizi. Mtu anakuonyesha ujumbe wa muamala wa bandia, anachukua fedha na kuondoka, nawe huwezi kumkimbiza. Weka banda panapoonekana na watu, angalia salio lako mwenyewe kabla ya kutoa hela, na funga kabla giza halijaingia hata kama wateja wa jioni ndio wengi. Hilo la mwisho linauma, najua.

*Siku mbaya.* Fundi cherehani anaweza kuomba siku mbili na nguo ikashonwa, isipokuwa wiki ya Idi na Krismasi. Wakala akifunga siku mbili, wateja wanahama. Unaweza kumwachia mdogo wako meza, lakini unamwachia na namba ya siri, na undugu mwingi umevunjikia hapo.

Inamfaa anayeishi penye watu, mwenye mtu wa kuaminika nyumbani, na asiyeweza kusafiri kila siku.

3. Bajaji

*Mwili.* Wasiojua wanashangaa kuona mtu wa magongo anaendesha. Anayejua chombo hashangai: gia na klachi viko kwenye usukani upande wa kushoto, mafuta unayapa kwa mkono wa kulia. Kinachotaka mguu ni breki tu, ile pedali ya chini. Fundi mzuri anachomelea wenzo unaopanda juu hadi mkononi. Kabla ya kumlipa, jaribu kwenye mteremko na abiria watatu nyuma, maana breki inayoshika bajaji tupu inaweza kushindwa ikiwa na mzigo. Na uulize mapema kama chombo kilichobadilishwa kitakubaliwa kwenye ukaguzi na kwenye bima.

Tatizo la pili halitengenezeki kwa fundi. Ni mtikisiko. Barabara za ndani, za vumbi na makorongo, zinapiga mgongo kuanzia asubuhi mpaka usiku. Kwa mwenye polio ya miguu mgongo wake ukiwa mzima, sawa. Kwa mwenye pingili zilizosagika, sikushauri, hata kama hela inavutia. Mwenye mwili usiohisi kuanzia kiunoni asikalie siti ya bajaji bila mto wake.

*Njia na choo.* Njia ndiyo kazi. Choo ni vituo vya mafuta na misikiti. Wazoefu wana vituo vyao wanavyovijua.

*Mtaji.* Mkubwa, au mdogo lakini kwa masharti. Bajaji mpya ni mamilioni kadhaa. Wengi huanza kwa hesabu, yaani unampelekea mwenye chombo kiasi cha kila siku na kinachozidi ni chako, au kwa mkataba, ambapo ukimaliza kulipa chombo kinakuwa chako. Ongeza leseni ya udereva, leseni ya usafirishaji ya LATRA na bima.

*Hela inavyoingia.* Papo kwa papo, na siku nzuri inaizidi meza ya mtaani. Mafuta na matengenezo yanameza sehemu, na mvua zikianza barabara zikijaa maji siku nzima inaweza kupotea.

*Siku mbaya.* Hapa ndipo bajaji inapoanguka vibaya, ikiwa ni ya hesabu. Ukiumwa, tajiri anataka chake. Ukilala siku nne unarudi na deni, unaendesha mpaka saa tano usiku kulifidia, na mwili unakuadhibu tena. Mkataba wenye siku ya mapumziko kila wiki na nafasi ya kuugua unatafutwa kwa maneno mengi, lakini utafute na uandikwe. Bajaji yako mwenyewe ni habari nyingine. Siku ya kuumwa unampa deiwaka, yaani dereva wa kukushikia kwa siku hiyo, aendeshe, mnagawana.

Inamfaa mwenye mgongo na mikono imara na miguu ndiyo yenye shida, anayependa kuzunguka na hana cheti cha kumwingiza ofisini.

4. Kazi za mtandaoni

*Mwili.* Kunukuu sauti, kutafsiri, kuingiza data, kusanifu matangazo, kuhariri video, kuweka hesabu za maduka ya watu, kuuza bidhaa kwa WhatsApp na Instagram na kumtuma bodaboda. Zote zinafanyika ukiwa umekaa, umeegemea, hata umelala. Mwenye maumivu yanayohamahama hapati uhuru huu mahali pengine. Lakini vifundo vya mikono na shingo vinalipa, na aliyelala upande mmoja na laptopu saa sita anapata kidonda kilekile cha kwenye kiti.

*Njia na choo.* Havina shida.

*Mtaji.* Laptopu hata iliyotumika, bando, na namna ya kuvuka saa za umeme kukatika. Mtaji halisi ni ujuzi. Kenya kuna mpango wa serikali wa Ajira Digital unaofundisha kazi hizi. Malipo nayo yapange kabla ya kuanza: Kenya hela ya PayPal inaweza kuhamishiwa M-Pesa, Tanzania wengi wa kazi za nje hutumia Payoneer hadi benki.

*Hela inavyoingia.* Kwa kubahatisha, hasa mwanzoni. Miezi ya kwanza inaweza kupita na hela ya bando haijarudi. Kwa hiyo hii njia inataka mtu anayekula kwa kitu kingine kwanza. Na matapeli wamejaa: anayekutaka utoe ada ya usajili, ya mafunzo au ya "kufungua akaunti" ili upewe kazi, mfute kwenye simu. Wanaotangaza kazi za nyumbani kwa wenye ulemavu nao wachunguze vilevile.

*Siku mbaya.* Ndiyo inayovumilia kuliko zote, mradi usiahidi kazi ya kesho asubuhi. Zoea kuomba siku mbili zaidi ya unazohitaji. Ukimaliza mapema, mteja anafurahi. Likizo yenye malipo haipo, bima hulipiwi, na kuna siku hutazungumza na mtu wa kuonekana kwa macho. Wengine hilo linawaumiza kuliko mgongo.

Inamfaa ambaye mwili wake hautabiriki, anayejua lugha au programu fulani vizuri, na mwenye familia inayomshikilia kwa muda.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Una cheti, maumivu yako yanatabirika, na uko karibu na usafiri unaopitika: omba ajira, ukiuliza mkataba na choo kabla ya mshahara. Chini ya miaka 45, usiiache Ajira Portal.

Daftari lako linaonyesha siku nane au tisa mbaya kwa mwezi: mtandaoni au ufundi wa kupokea kazi nyumbani. Uwakala na bajaji ya hesabu viache.

Miguu tu ndiyo yenye shida na nyumbani wanakutegemea kwa chakula cha kila siku: bajaji au uwakala. Ukiwa na mtu wa kukushikia meza, uwakala. Ukiwa peke yako, bajaji ya mkataba ulioandikwa.

Umeumia karibuni, mwaka haujaisha: mwili bado haujasema mwisho wake, kwa hiyo usiuze kiwanja kununua bajaji. Kama uliumia ukiwa kazini, fuatilia kwanza fidia yako kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kisha tumia muda huo kujifunza kitu cha mezani.

Umeshaajiriwa na hali inazidi: usiandike barua ya kuacha kazi ukiwa na hasira. Omba kwa maandishi kubadilishiwa kazi, saa au ghorofa, ubaki na nakala. Wakikataa au wakikuondoa kwa ajili ya ulemavu, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko hayo, lakini kwa kesi ya kuachishwa muda ni siku 30, kwa hiyo usikae nyumbani ukisubiri wakuonee huruma.

Huna lolote kati ya haya, na mtaji huna kabisa: nenda kwa ofisa maendeleo ya jamii na kwenye chama cha watu wenye ulemavu cha wilaya yako ndani ya wiki moja. Kule mkopo unauliziwa, na kule ndiko utakapomkuta mtu mwenye mwili kama wako anayefanya kazi unayoiwaza. Kaa naye siku nzima kwenye meza yake au kijiweni kwake, kisha umuulize wiki aliyoumwa aliishije.